Kujaza mafuta yasiyo sahihi kwenye gari la kukodi

Kujaza mafuta yasiyo sahihi kwenye gari la kukodi ni kosa la kutia katika tangi la gari lililokodiwa aina ya mafuta ambayo injini yake haikuundwa kuitumia. Kwa kawaida ni petroli kutiwa ndani ya gari la dizeli, au dizeli ndani ya gari la petroli. Kosa hili linaweza kutokea kwa gari lolote, lakini kwa gari la kukodi uzito wake huongezeka kwa sababu mbili. Kwanza, dereva huwa hajalizoea gari hilo, na mara nyingi yuko katika nchi ambako rangi na majina ya mafuta ni tofauti na ya kwao. Pili, mikataba mingi ya kukodi magari huliondoa kosa hili katika kinga ya bima, hivyo gharama zote hudaiwa kwa mteja mwenyewe.

Malipo yanayodaiwa hutofautiana sana. Tangi likisafishwa kabla injini haijawashwa, gharama huwa ndogo. Gari likiendeshwa hadi pampu na nozeli zikaharibika, gharama inaweza kuwa kubwa kuliko kodi yote ya safari.

Tofauti kati ya petroli na dizeli

Petroli na dizeli zote hutokana na mafuta ghafi, lakini huwaka kwa njia tofauti. Petroli ni nyepesi na hugeuka mvuke upesi. Mvuke wake unaweza kushika moto wa cheche hata katika baridi ya chini ya nyuzi -40 za Selsiasi. Dizeli ni nzito na ina utelezi, na mvuke wake haushiki moto wa cheche mpaka mafuta yapate joto la zaidi ya nyuzi 50.

Mambo hugeuka pale mafuta yanapotakiwa kuwaka yenyewe bila cheche. Dizeli hujiwasha kwenye joto la takriban nyuzi 210, ilhali petroli huhitaji joto kubwa zaidi, takriban nyuzi 250 hadi 280. Injini za aina hizi mbili zimejengwa juu ya tofauti hiyo:

- Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa, hugandamiza mchanganyiko huo, kisha huuwasha kwa cheche ya plagi. Petroli nzuri ni ile isiyojiwasha kabla ya cheche, na sifa hiyo hupimwa kwa namba ya oktani.
- Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hugandamiza hewa peke yake, kwa uwiano wa takriban 14 hadi 22 kwa 1, mpaka hewa ipate joto kali. Ndipo dizeli hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Dizeli nzuri ni ile inayojiwasha upesi, na sifa hiyo hupimwa kwa namba ya setani.

Kwa hiyo sifa inayotafutwa katika petroli ni kinyume cha ile inayotafutwa katika dizeli. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini hiyo imepewa jina lake, alionyesha injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897.

Sababu za kosa

Ukubwa wa mdomo wa bomba

Katika nchi nyingi mdomo wa bomba la petroli isiyo na risasi una upana wa takriban milimita 21, na ule wa dizeli takriban milimita 24. Shingo ya tangi la gari la petroli ni nyembamba, hivyo bomba la dizeli kwa kawaida haliingii. Shingo ya tangi la dizeli ni pana, na bomba la petroli huingia bila kizuizi. Ndiyo sababu kosa la kutia petroli katika gari la dizeli hutokea mara nyingi zaidi kuliko kinyume chake. Kwa bahati mbaya, ndilo pia lenye madhara makubwa zaidi.

Baadhi ya watengenezaji wa magari huweka kizuizi maalumu katika shingo ya tangi la dizeli, ambacho hufunguka tu kinaposukumwa na bomba pana. Kizuizi hicho hakipo katika magari yote. Pia tofauti ya ukubwa haisaidii kitu mahali ambapo kituo kinatumia mabomba ya ukubwa mmoja, au mafuta yanapotiwa kwa galoni na faneli.

Rangi

Hakuna rangi moja inayokubalika duniani kote. Nchini Uingereza mpini wa bomba la petroli huwa wa kijani na wa dizeli huwa mweusi. Nchini Marekani mpini wa kijani mara nyingi ni wa dizeli. Dereva Mwingereza anayekodi gari Marekani, au Mmarekani anayekodi gari Ulaya, anaweza kufuata rangi aliyoizoea na kukosea kabisa.

Ili kupunguza mkanganyiko, nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutumia alama za pamoja kuanzia Oktoba 2018. Alama hizo hubandikwa kwenye pampu, kwenye mpini wa bomba na karibu na kifuniko cha tangi la magari mapya. Duara ni alama ya petroli, pamoja na herufi E na kiwango cha etanoli, kama E5 au E10. Mraba ni alama ya dizeli, kama B7. Umbo la almasi ni alama ya gesi. Dereva asiyejua lugha ya nchi anaweza kulinganisha umbo lililo kwenye gari na lile lililo kwenye pampu.

Majina

Majina ya mafuta huwapotosha wasafiri hata pale wanapojua kusoma:

- Kwa Kifaransa petroli ni "essence" na dizeli ni "gazole" au "gasoil". Mgeni aliyezoea neno "gas" la Kimarekani, ambalo maana yake ni petroli, anaweza kudhani "gasoil" ni petroli.
- Kwa Kihispania na Kireno petroli ni "gasolina", lakini "gasóleo" ni dizeli. Kwa Kiitaliano petroli ni "benzina" na "gasolio" ni dizeli.
- Nchini Argentina petroli huitwa "nafta", na nchini Chile huitwa "bencina".
- Nchini Rwanda petroli huitwa "lisansi", neno lililotokana na Kifaransa, na dizeli huitwa "mazutu".
- Katika nchi za Ghuba neno la Kiarabu kwa petroli ni "benzini". Nchini Oman pampu za petroli huandikwa M91, M95 au M98, ambazo ni namba za oktani.
- Nchini Kenya na Ujerumani neno "Super" kwenye pampu lina maana ya petroli.

Kutolizoea gari

Mteja hupewa gari lililopo siku hiyo, ambalo si lazima liwe lile aliloliagiza. Katika baadhi ya nchi za Ulaya gari dogo la familia linaweza kuwa la dizeli au la petroli, na sauti ya injini za kisasa haitofautishi kwa urahisi. Aidha, mafuta hujazwa mara nyingi mwishoni mwa safari, karibu na uwanja wa ndege, kwa kuwa mkataba hutaka gari lirudishwe likiwa na tangi lililojaa. Wakati huo dereva ana haraka, na mkono wake hufuata mazoea ya gari la nyumbani.

Madhara kwenye injini

Petroli katika injini ya dizeli

Dizeli ni mafuta ya kuwaka, na pia ndiyo kilainisho cha pampu inayoisukuma. Katika injini za kisasa pampu hiyo hutoa kanieneo inayoweza kuzidi bar 2,000, yaani karibu mara elfu moja ya ile iliyomo katika tairi la gari dogo. Vyuma vyake hupishana kwa nafasi ndogo mno. Petroli ikiingia huondoa utelezi, vyuma husagana, na chembechembe za chuma husafiri na mafuta hadi kwenye nozeli na kurudi tangini. Ikifikia hapo haitoshi kubadilisha pampu peke yake. Mara nyingi nozeli, mabomba na chujio navyo hubadilishwa, na tangi huoshwa au hubadilishwa.

Dalili zake ni gari kukosa nguvu, injini kugonga, moshi mwingi, taa ya tahadhari ya injini kuwaka, na hatimaye gari kuzima na kukataa kuwaka. Kwa kuwa mabomba na chujio huwa bado yana dizeli ya awali, gari linaweza kwenda umbali fulani kabla dalili hazijaonekana. Hivyo dereva huwa ameshaondoka kituoni.

Injini za zamani za dizeli zilivumilia kiasi kidogo cha petroli, na katika nchi za baridi kali baadhi ya madereva walikuwa wakichanganya kidogo ili dizeli isigande. Desturi hiyo haifai kwa injini za kisasa.

Dizeli katika injini ya petroli

Dizeli haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo cheche ya plagi hushindwa kuiwasha vizuri. Gari hutoa moshi, hukohoa na kuzima. Plagi huchafuka, na mafuta yasiyoungua yanaweza kuingia katika mfumo wa moshi na kudhuru kifaa cha kusafishia hewa chafu. Kwa kawaida kosa hili hurekebishwa kwa kumwaga mafuta, kuosha mfumo na kusafisha au kubadilisha plagi na chujio. Gharama yake huwa nafuu kuliko ya kosa la kinyume.

Makosa mengine

Magari mengi mapya ya dizeli yana tangi dogo la pili la kimiminika kinachojulikana kwa jina la biashara AdBlue, ambacho ni maji yenye yurea ya asilimia 32.5. Kazi yake ni kupunguza sumu katika moshi. Kikitiwa katika tangi la dizeli hufanya fuwele na kutu katika pampu na mabomba, na madhara yake yanaweza kuwa makubwa. Dizeli nayo ikitiwa katika tangi la AdBlue huharibu mfumo huo.

Kutia petroli ya oktani ya juu kuliko inayotakiwa hakudhuru injini. Oktani ya chini kuliko inayotakiwa inaweza kuifanya injini igonge, lakini halihesabiwi kuwa kosa la aina moja na yale yaliyotajwa juu. Petroli ya E85, yenye etanoli nyingi, inafaa tu kwa magari yaliyotengenezwa kuipokea.

Hatua zinazopunguza hasara

Jambo linaloamua ukubwa wa gharama kuliko mengine yote ni kama injini iliwashwa au haikuwashwa. Katika magari mengi ya kisasa pampu ndogo iliyomo ndani ya tangi huanza kusukuma mafuta mara swichi inapowashwa, hata kabla injini haijaunguruma. Kwa sababu hiyo hatua zinazopendekezwa ni hizi:

- Kuacha kujaza mara kosa linapogundulika, na kutowasha swichi hata kwa ajili ya redio au kuangalia geji.
- Kuwaarifu wahudumu wa kituo, kuweka gia huru na kulisukuma gari kando.
- Kuipigia simu kampuni ya kukodisha kwa namba ya dharura iliyo katika mkataba, na kuandika saa ya simu pamoja na jina la aliyepokea.
- Kutunza stakabadhi ya mafuta. Mara nyingi huonyesha aina ya mafuta, idadi ya lita, namba ya pampu na saa.
- Kupiga picha za pampu, kifuniko cha tangi, geji ya umbali na lebo yoyote iliyopo au isiyopo.

Kosa likigunduliwa barabarani, dereva husimama mahali salama na kuzima injini mara moja. Kuongeza mafuta sahihi juu ya yale yasiyo sahihi kwa matumaini ya kuyapunguza nguvu si tiba kwa injini ya kisasa ya dizeli.

Kumwita fundi wa nje bila idhini ya kampuni ni jambo la hatari kimkataba, hata kama bei yake ni nafuu. Mikataba mingi hukataza mteja kufanya matengenezo yoyote bila ruhusa, na kampuni inaweza baadaye kudai kwamba fundi huyo ndiye aliyeharibu. Kunyonya mafuta kwa mdomo kwa kutumia mpira ni hatari zaidi, kwa sababu petroli ni sumu na mvuke wake hulipuka.

Malipo yanayodaiwa

Nafasi ya bima

Kinga ya ajali inayouzwa pamoja na gari la kukodi hupunguza wajibu wa mteja gari likigongwa. Kwa kawaida haihusu uharibifu unaotokana na uzembe wa dereva au matumizi yasiyofaa, na mikataba mingi hutaja mafuta yasiyo sahihi kwa jina katika orodha ya mambo yasiyolipwa, pamoja na funguo zilizopotea, matairi na sehemu ya chini ya gari. Hata mteja aliyenunua kinga iitwayo "kamili" anaweza kukuta kosa hili halimo.

Bima zinazouzwa na kampuni nyingine nje ya kampuni ya kukodisha, kwa ajili ya kurudisha kiasi ambacho mteja hulazimika kujilipia mwenyewe, wakati mwingine hulipa gharama za mafuta yasiyo sahihi hadi kikomo fulani. Kwa kawaida mteja hulipa kwanza, kisha huomba kurudishiwa kwa kuwasilisha mkataba, ankara ya matengenezo na uthibitisho wa malipo.

Vipengele vya ankara

Ankara ya kosa hili huwa na baadhi ya vipengele vifuatavyo:

- Kuvutwa kwa gari hadi karakana.
- Kumwaga mafuta, kuosha mfumo na kubadilisha chujio. Mafuta yaliyochanganyika ni taka ya hatari, na uteketezaji wake hulipiwa.
- Vipuri na kazi ya fundi, kama kuna kilichoharibika.
- Mafuta mapya ya kujaza tangi.
- Fidia ya siku ambazo gari halikuweza kukodishwa kwa wengine.
- Ada ya kushughulikia madai, ambayo ni ya kampuni yenyewe.
- Kodi ya ongezeko la thamani, kulingana na sheria ya nchi.

Mfano wa kubuni unaonyesha jinsi ankara inavyokua. Kuvuta gari kukiwa euro 150, kumwaga na kuosha euro 300, siku 2 za kukosa biashara kwa euro 40 kila moja, na ada ya ofisi euro 50, jumla ni euro 580. Kati ya hizo, euro 450 ni kazi iliyofanyika kwa gari, na euro 130 ni fidia na ada. Vipengele hivi viwili vya mwisho ndivyo vyenye mabishano mengi, kwa sababu havina ankara ya karakana nyuma yake.

Kutozwa kupitia kadi

Wakati wa kuchukua gari, kampuni huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi ya mteja kama dhamana, na mkataba huwa na kifungu kinachoiruhusu kutoza gharama zitakazogunduliwa baadaye. Ndiyo maana mteja anaweza kuona makato wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Kusaini kifungu hicho ni ruhusa ya kutoza gharama halali. Hakumnyimi mteja haki ya kudai uthibitisho wala ya kupinga kiasi.

Uwajibikaji

Kanuni ya jumla ni kwamba aliyekosea hulipa hasara iliyotokana moja kwa moja na kosa lake. Hata hivyo, si kila gari lililozima baada ya kujazwa mafuta lina maana kwamba mteja ndiye aliyekosea. Hali zifuatazo hutenganishwa:

- Mteja alijaza mwenyewe mafuta yasiyo sahihi, na gari lilikuwa na lebo inayosomeka. Wajibu ni wake.
- Kampuni ilitoa taarifa potofu, kwa mfano kitambulisho cha ufunguo au mkataba uliandika petroli kwa gari la dizeli. Wajibu huhamia kwa kampuni, ama wote ama kwa sehemu. Picha ya kitambulisho hicho ni ushahidi muhimu.
- Mhudumu wa kituo ndiye aliyejaza. Kwa kampuni ya kukodisha, mteja kwa kawaida hubaki mdaiwa kwa mujibu wa mkataba, lakini yeye naye anaweza kukidai kituo. Hapa lugha aliyotumia wakati wa kuagiza, na stakabadhi aliyopewa, huwa na uzito.
- Mafuta yalikuwa ya aina sahihi lakini yamechakachuliwa au yana maji. Hilo si kosa la kuchagua mafuta. Stakabadhi inayoonyesha aina sahihi, pamoja na sampuli kutoka tangini, ndiyo hutofautisha mambo haya mawili.
- Mteja aliyetangulia ndiye aliyekosea. Gari likizima katika kilomita za mwanzo, kabla mteja mpya hajanunua mafuta yoyote, umbali ulioandikwa kwenye mkataba na taarifa za kadi yake huonyesha kwamba hakujaza kitu.

Kupinga madai

Mteja anayedaiwa anaweza kuomba kwa maandishi ripoti ya fundi, ankara ya karakana yenye tarehe na namba ya gari, picha, uthibitisho wa aina ya mafuta yaliyokutwa tangini, na maelezo ya jinsi siku za hasara zilivyohesabiwa. Madai ya kubadilisha pampu na nozeli zote wakati injini haikuwashwa kabisa yanahitaji maelezo ya kiufundi. Vivyo hivyo fidia ya wiki mbili kwa kazi ya kumwaga tangi, ambayo kwa kawaida huchukua saa chache tu.

Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo ya 93/13/EEC ya mwaka 1993 hulinda watumiaji dhidi ya vifungu vya mkataba visivyo vya haki, vikiwemo vinavyomlazimisha mteja kulipa fidia kubwa kupita kiasi. Mwaka 2015 kampuni tano kubwa za kukodisha magari, yaani Avis-Budget, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt, zilikubaliana na Tume ya Ulaya na mamlaka za kulinda watumiaji kurekebisha taratibu zao. Miongoni mwa mambo hayo yalikuwa maelezo ya wazi zaidi kuhusu bima na mafuta, na utaratibu wa haki zaidi wa kutoza uharibifu. Mkazi wa Umoja wa Ulaya aliyekodi gari katika nchi nyingine ya umoja huo anaweza kupata msaada wa bure katika mtandao wa Vituo vya Watumiaji vya Ulaya.

Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 hutaka vifungu vya mkataba viwe vya haki na vinavyoeleweka. Katika nchi nyingi mteja aliyetozwa kupitia kadi anaweza pia kuiomba benki yake irudishe makato anayoyapinga, kwa kufuata muda uliowekwa. Kampuni hupewa nafasi ya kujibu kwa vielelezo, kwa hiyo ombi lisilo na ushahidi huwa dhaifu.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania na Kenya mafuta kwa kawaida hujazwa na wahudumu wa vituo, na dereva huagiza kwa kutaja aina na kiasi cha fedha au lita. Utaratibu kama huo upo Afrika Kusini, na pia katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambako sheria imekataza wateja kujijazia petroli tangu mwaka 1949. Utaratibu huu huongeza mtu wa pili anayeweza kugundua kosa, lakini pia anayeweza kulisababisha. Dereva anayesema tu "jaza" bila kutaja aina ya mafuta humwachia mhudumu kubahatisha. Magari ya safari na ya mizigo mengi ni ya dizeli, ilhali magari madogo yaliyoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani mengi ni ya petroli. Baadhi ya magari makubwa ya familia hupatikana kwa aina zote mbili yakiwa na umbo lilelile.

Tatizo jingine katika eneo hili ni uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli au petroli na mafuta ya taa ili kupata faida. Ili kuudhibiti, Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na baadaye kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili tofauti ya bei isiwavutie wachakachuaji. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo hilohilo. Malalamiko kuhusu ubora wa mafuta hupelekwa EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya.

Kwa upande wa mikataba, Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) huruhusu fidia ya hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji wa mkataba, si hasara ya mbali. Pale ambapo mkataba umetaja kiasi cha adhabu, anayestahili hupata fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi kile kilichotajwa. Nchini Kenya haki za watumiaji zimo katika ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 na katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Magari mengi ya kukodi katika nchi hizi hutolewa pamoja na dereva. Katika mpango huo kujaza mafuta ni kazi ya dereva wa kampuni, hivyo mteja hana sababu ya kubeba gharama ya kosa lake.

Historia

Tatizo la mafuta yasiyo sahihi lilipata sura mpya nchini Marekani katika miaka ya 1970. Magari mapya yalianza kuwekewa kifaa cha kusafisha moshi ambacho huharibiwa na risasi iliyokuwa ikichanganywa katika petroli. Ili kuwazuia madereva, shingo za matangi ya magari hayo zilifanywa nyembamba na mabomba ya petroli isiyo na risasi nayo yakapunguzwa upana. Hata hivyo, petroli yenye risasi ilikuwa na bei nafuu, na baadhi ya madereva walipanua shingo za matangi yao kwa makusudi. Tofauti ya upana wa mabomba inayotumika leo ilianzia hapo.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa mwaka 2006 zilikuwa zimeacha kuiuza. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, hadi mwaka 2021.

Kinga

Njia za kuzuia kosa hili ni rahisi kuliko kulirekebisha. Mteja anapochukua gari huuliza aina ya mafuta, huilinganisha na mkataba na lebo iliyo ndani ya kifuniko cha tangi, na hupiga picha ya lebo hiyo. Kama lebo haipo au haisomeki, huomba jambo hilo liandikwe kwenye fomu ya ukaguzi kabla ya kuondoka. Jina la mafuta kwa lugha ya nchi huandikwa kwenye karatasi na kuwekwa karibu na usukani. Kituoni, jina lililo kwenye pampu husomwa lote, bila kutegemea rangi. Mahali penye mhudumu, aina ya mafuta hutajwa kwanza, kisha kiasi, na dereva hutazama pampu kabla ya kujaza kuanza.

Kampuni nazo zina sehemu yao. Lebo kubwa kwenye kifuniko, kitambulisho cha ufunguo chenye aina ya mafuta, na neno moja kutoka kwa mhudumu wakati wa kukabidhi gari ni mambo yenye gharama ndogo. Kampuni iliyoyafanya huwa pia na hoja yenye nguvu zaidi endapo shauri litafika mbele ya msuluhishi.

Tazama pia

- Petroli
- Dizeli
- Injini ya dizeli
- Rudolf Diesel
- Bima
- Mafuta ya taa